Maswali yenu: Nyumba ya kupangisha Dar kwa hela ya kawaida, inalipa kweli?

Mwezi huu meseji zenu karibia zote zimeangukia sehemu moja, nyumba ya kupangisha. Wastaafu, walimu, madereva, ndugu zetu walioko nje, kila mtu anataka vyumba vyake viwili vitatu hapa Dar vimlee uzeeni, na sababu inaeleweka kabisa, sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 kwenye huu mkoa na ya 2022 ikahesabu milioni 5.38, hao milioni moja walioongezeka ndani ya miaka kumi wengi wao wanalala kwenye vyumba vya watu. Kwaiyo wapangaji wapo. Ila karibia wote mmeniuliza kuhusu bei tu, na mimi nyumba ya bei rahisi siiiti rahisi mpaka nijue vitu viwili, karatasi zake zinasimama na mpangaji wake ni nani. Tuanze.

*Habari mwanangu. Mi ni nesi, nastaafu mwaka huu, naishi Mbagala. Mafao ya mkupuo nategemea yatafika kama milioni 45. Mdogo wangu kaniletea nyumba Chanika, vyumba sita vya single, choo cha nje, wanataka milioni 38. Anasema kila chumba kinatoka elfu 40, kwaiyo mwezi naingiza 240,000 bila kufanya kazi. Ninunue?* – Mama nesi, Mbagala

Shikamoo mama. Kabla ya ndio au hapana naomba tuchukue kalamu, maana hiyo 240,000 ni hesabu ya dalali, na hesabu ya dalali siku zote vyumba vinakuwa vimejaa, bati halivuji na choo hakijai.

240,000 mara miezi 12 ni 2,880,000 kwa mwaka. Sasa tupunguze. Chumba cha single Chanika mtu anahama, kinakaa wiki tatu au mwezi hakijapata mtu, tuseme kila chumba kinalala wazi mwezi mmoja tu kwa mwaka, hapo 240,000 imeondoka, unabaki na 2,640,000. Kodi ya pango ya serikali asilimia 10, ni 264,000. Marekebisho, yaani kitasa, bomba, rangi kila mpangaji akitoka, bati mbili tatu, weka 300,000 na hapo nimeweka kidogo. Kunyonya choo na usafi 120,000. Kodi ya majengo na ya ardhi weka 50,000. Mkononi inabaki kama 1,906,000 kwa mwaka, ambayo kwa mwezi haifiki hata 160,000. Ukigawanya kwa milioni 38 ni asilimia 5 hivi, maana yake hela yako inarudi baada ya miaka 20. Mama, wewe unastaafu sasa hivi.

Hati fungani za serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha serikali hela nayo inakulipa riba, kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, unaanza na milioni moja tu, unanunua Benki Kuu kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, riba inaingia mara mbili kwa mwaka na hakuna mtu wa kukupigia simu saa nne usiku kwamba bomba limepasuka. Milioni 38 hizo hizo kwa asilimia 12 zinakupa 4,560,000 kwa mwaka. Sasa sitaki nikudanganye kwa upande mwingine, nyumba ina kitu ambacho hati fungani haina, kodi ya chumba inapanda kadri maisha yanavyopanda na kiwanja nacho thamani yake inapanda, wakati hati fungani baada ya miaka 20 wanakurudishia milioni 38 ile ile na hiyo milioni 38 ya wakati huo haitanunua kitu inachonunua leo. Kwaiyo nyumba ni nzuri, ila ni nzuri kwa mtu mwenye miaka mingi ya kusubiri, na kwa bei inayoendana na kodi inayotoka.

Ningekuwa karibu yako ningekuambia hivi. Usiweke mafao yote sehemu moja, kabisa, hata kama nyumba ni ya dhahabu, kwa sababu ukiugua au mtoto akipata shida hauwezi kuuza chumba kimoja kati ya sita. Weka sehemu kubwa kwenye hati fungani au mifuko ya UTT, ile ya uwekezaji wa pamoja, ikulishe, afu kama moyo bado uko kwenye nyumba tafuta ndogo zaidi, vyumba vitatu au vinne lakini vyenye choo ndani, karibu na hapo hapo Mbagala unapopajua, ambapo unaweza kwenda kwa mguu kuangalia mwenyewe. Na hiyo ya Chanika, kama wanakubali kushuka mpaka milioni 28 hivi ndo inaanza kuzungumzika, ila nenda siku ya kazi jioni bila dalali, salimia wapangaji, waulize wanalipa ngapi kweli, wamekaa muda gani, maji wanapata wapi, afu muulize mwenye duka la jirani vyumba vinachukua muda gani kupata mtu. Wale hawana cha kukuficha. Kama kati ya sita viwili vimefungwa kufuli na vumbi limejaa mlangoni basi umeshapata jibu.

*Kaka nisaidie haraka. Kuna nyumba Tandika ya urithi, mzee amefariki mwaka juzi, watoto wanauza milioni 25 wakati majirani wanasema pale haipungui 40. Mtoto mkubwa ndo naongea nae, ana leseni ya makazi ya baba yake, anataka nusu leo leo maana kuna mtu mwingine anaitaka. Mwenyekiti wa mtaa anasema anawafahamu hakuna shida, ila anataka asilimia 10 yake.* – Dereva bajaji, Temeke

Kaka usilipe leo. Usilipe hata shilingi ya kuonyesha nia. Najua hiyo milioni 25 umeikusanya kwa jasho, ndo maana nakujibu kwa urefu.

Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa. Haiuzwi na mtoto mdogo, wala na baba mdogo, wala na kikao cha familia peke yake hata kama wote wamesaini na picha wamebandika. Inauzwa na msimamizi wa mirathi ambaye mahakama imemteua, na yeye anakuwa na barua ya mahakama yenye namba ya shauri. Ile barua ukipewa usiishie kuitazama, nenda mahakama hiyo hiyo iliyoandikwa na uulize kama shauri hilo lipo, kama huyo ndo msimamizi, na kama hakuna mtu aliyepinga. Hii ni kazi ya siku moja tu na inakuokoa miaka, maana kesi za nyumba za urithi zikianza zinatoka baraza la ardhi zinakwenda mahakama kuu, mnunuzi anazunguka na mafaili huku ndani ya nyumba kakaa mtu mwingine.

Pili, mjane yuko wapi? Hujamtaja kabisa. Kama mzee ameacha mke, au wake wawili, hao nao ni warithi na mmoja wao inawezekana yumo humo ndani sasa hivi anapika. Nenda ukae nae umsikie kwa mdomo wake mwenyewe, sio kwa kuambiwa "mama amekubali". Na hata kwa nyumba ambayo mwenyewe yupo hai hili ni lile lile, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja auze nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwaiyo muuzaji akikuambia hajaoa na watoto wanaita baba uani, simama kwanza.

Tatu hiyo leseni ya makazi. Sio hati miliki. Ile ni ruhusa ya muda mfupi ya kukaa kwenye eneo ambalo halijapimwa, ina tarehe ya kuisha, na ina jina la mtu aliyefariki. Nenda manispaa na namba yake uangalie kama bado iko hai, kama inadaiwa, na kama imewekwa rehani benki, kwa sababu wapo wazee wengi walikopea zile leseni. Uliza pia kama mtaa huo umeshafanyiwa urasimishaji, kama wamepima na kiwanja kina namba, basi unaweza kuifuatilia hati miliki kamili ya miaka mingi, na hapo ndo thamani ya milioni 40 inakuwa ya kweli. Nyumba ikiwa na hati kabisa upekuzi unafanyika ofisi ya msajili wa hati, unalipia ada ndogo na wanakupa majibu ya maandishi kwamba mmiliki ni nani, kuna mkopo au hakuna, kuna zuio au hakuna. Fotokopi ya hati mkononi mwa dalali sio upekuzi.

Asilimia 10 ya mwenyekiti, nakuomba unisikilize vizuri. Wengi wanalipa kwa kuogopa au kwa mazoea lakini sijaona sheria ya ardhi inayompa mwenyekiti wa mtaa asilimia 10 ya bei ya nyumba. Muulize kwa heshima tu, hiyo ada inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali na risiti? Kama ipo risiti lipa. Kama haipo, muhuri wake haukulindi, siku ya kesi atakuja kama shahidi wa kawaida na atasema "nilijua familia imekubaliana". Tumia hela hiyo kumlipa wakili, kwa milioni mbili na nusu utapata wakili na utabakiza.

Ikifika kulipa sasa, lipa kupitia benki, mbele ya wakili, hati ya mauziano iandikwe na isainiwe na msimamizi, warithi wote waweke sahihi zao kama mashahidi, mipaka ielezwe na majirani wa pande zote waje waionyeshe. Na mkubaliane kwa maandishi nani analipa nini, kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida na ni ya muuzaji, ushuru wa stempu asilimia 1 ni wa kwako, maana hiyo kodi ya muuzaji isipolipwa uhamisho wako unakwama hapo hapo, na muuzaji akishagawana hela na ndugu zake hapokei simu tena.

Huyo "mtu mwingine anaitaka" mwache aichukue. Nyumba Temeke hazijaisha.

*Mimi ni mwalimu wa sekondari, mshahara unapita benki, wamenipa ofa ya mkopo milioni 30 kwa miaka 10 riba asilimia 16. Kuna nyumba Buza ya bei hiyo hiyo, kodi ya wapangaji italipa mkopo, si ndio?* – Mwalimu, Yombo

Hapana mwalimu. Mkopo huo marejesho yake ni kama 502,000 kila mwezi. Nyumba ya milioni 30 ya Buza ikijaa wapangaji wote labda inakupa laki mbili, laki mbili na nusu. Nyingine yote inatoka kwenye mshahara wako kwa miaka kumi, na mpaka unamaliza umelipa milioni 60 kwa nyumba ya milioni 30.

Najua benki zina mikopo ya nyumba ya miaka 15 mpaka 20 na marejesho yake kwa mwezi yanakuwa madogo kidogo, tangu ile taasisi ya TMRC ianzishwe 2010 kuzikopesha benki hela za muda mrefu hiyo mikopo imekuwa mingi, ila riba yetu bado iko juu kuliko pango la nyumba za kawaida, hapo hakuna ujanja. Mkopo wa nyumba unaeleweka kama ni ya kuishi mwenyewe na unaacha kulipa kodi kwa mwenye nyumba. Kwa kupangisha, kiwanja nunua kwa akiba, jenga chumba kimoja kimoja kwa hela ya msimu, hata miaka sita. Wenye nyumba wengi wa Dar wamejenga hivyo hivyo, pole pole na bila deni.

*Nina milioni 35 cash. Nisaidie kuchagua, Kigamboni, Mbezi au Gongo la Mboto? Nataka kushikilia miaka 15.* – Fundi umeme, Sinza

Swali zuri kaka na kwa miaka 15 umefikiria sawa sawa. Ila usichague jina la eneo, chagua mpangaji. Jiulize nani atakaa kwenye chumba chako na anakwenda wapi asubuhi.

Kigamboni tangu daraja lilipofunguliwa 2016 imesogea mjini, kuna wanafunzi wa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kuna wanaofanya kazi Kivukoni wanavuka na pantoni. Lakini kumbuka pia historia yake, mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni na watu wakakaa miaka wamezuiwa kuendeleza maeneo yao huku hawajui watalipwa au hawalipwi. Kwaiyo kule nenda ofisi ya mipango miji kwanza uone mchoro unasemaje kuhusu kiwanja chako, afu ndo uangalie bei.

Mbezi ina stendi kuu ya mabasi ya mikoani tangu 2021, pale Mbezi Luis, na stendi inaleta wapangaji wa kila aina, makondakta, mama lishe, vijana wa mizigo, wauza simu, hawa wanataka chumba cha karibu maana wanatoka usiku na kurudi usiku. Kimara mwendokasi ulipoanza 2016 watu waliona tofauti ya kufika Kariakoo, na tofauti hiyo iko kwenye kodi za vyumba vya karibu na vituo. Shida ya upande huo ni barabara ya Morogoro yenyewe. Hifadhi ya barabara kuanzia Kimara kwenda Kiluvya ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na 2017 nyumba nyingi sana zilibomolewa, nyingine za ghorofa, nyingine watu walikuwa na karatasi za serikali ya mtaa na umeme na maji ya idara na wanalipa kodi ya majengo kila mwaka. Naomba hilo likae kichwani, kuwa na mita ya umeme na risiti ya kodi sio ushahidi kwamba nyumba ipo mahali halali. Chukua mtu wa upimaji, apime toka katikati ya barabara.

Gongo la Mboto na Pugu naona ndo sehemu inayobadilika, kuna njia ya mwendokasi ya barabara ya Nyerere, treni ya SGR ilianza safari za Morogoro 2024 na Pugu kuna kituo, uwanja wa ndege uko karibu na viwanda vya Pugu Road viko njiani. Bei bado zinafikika kwa hela yako. Ukinibana nichague moja kwa miaka 15 ningeanza kutafuta huko. Ila angalia maji. Mto Msimbazi unaanzia milima ya upande huo huo wa Pugu unashuka mpaka Jangwani, na una matawi mengi ambayo kiangazi yanaonekana vijia tu vya kupitisha mbuzi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, na Desemba 2015 nyumba za bondeni Mkwajuni zilivunjwa kwa sababu hiyo. Usinunue nyumba Dar bila kuiona masika. Kama unanunua Agosti angalia ukuta wa nje kwa chini kama kuna mstari wa maji, angalia kama milango ina vizingiti virefu vya saruji visivyoeleweka, na waulize watoto wa mtaa mvua ikinyesha maji yanafika wapi, watoto wanasema ukweli.

*Naishi Uingereza, bado nina pasi ya Tanzania. Nataka apatimenti ndogo ya kupangisha badala ya nyumba maana sina wa kusimamia. Shemeji anatuma picha nzuri sana.* – Dada, Birmingham

Dada kwa kuwa bado ni raia hauna kizuizi cha kumiliki, asiye raia ndo anabanwa na taratibu maalum kwenye kumiliki ardhi. Apatimenti inauzwa kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, yaani unapata hati ya sehemu yako ndani ya jengo, kwaiyo swali lako la kwanza kwa anayeuza ni hilo, jengo lina hati za sehemu au bado ni ahadi? Wapo wanaouza kwa mkataba tu huku hati ya kiwanja chote iko benki. Swali la pili ni gharama ya mwezi ya jengo, mlinzi, lifti, pampu ya maji, jenereta, kuna majengo hiyo hela inakula kodi ya miezi miwili au mitatu kwa mwaka.

Na shemeji nampenda lakini picha sio ukaguzi. Mpe wakili hapa hati ya kukuwakilisha kwa kazi hiyo moja tu, sio ya mambo yote, isainiwe mbele ya ubalozi wetu au mthibitishaji wa huko, na hela itoke benki yako iende kwa muuzaji, isipite kwenye simu ya mtu wa familia. Hivyo mnalinda na undugu wenu pia.

*Nina vyumba vinne Mabibo. Kijana mmoja hajalipa miezi mitatu, nataka nimfungie mlango kwa kufuli langu nichukue tv yake. Rafiki zangu wanasema nina haki.* – Mzee, Mabibo

Mzee wangu shikamoo, pole kwa usumbufu, ila naomba usifunge na usiguse tv. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi ilifutwa 2005 kwaiyo kodi ni makubaliano yenu, lakini kumtoa mtu kwa nguvu na kuchukua mali yake ni kitu kingine, kesho anakwenda polisi anasema ndani kulikuwa na laptop na milioni mbili na wewe ndo unakuwa mshtakiwa. Mwandikie notisi, taja deni na tarehe ya kutoka kama mkataba unavyosema, peleka nakala serikali ya mtaa, asipotoka nenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Kabla ya hapo lakini kaa nae. Mabibo wengi ni wanafunzi na vijana wa vibarua, muulize kama kazi imekatika. Kijana aliyekulipa vizuri miaka miwili na sasa amekwama, ukimgawanyia deni kwenye miezi sita anaweza kukaa miaka mingine minne na hauhitaji kupaka rangi wala kutafuta mtu, na kila chumba kinapokaa wazi mwezi unapoteza zaidi ya unachodhani. Nawaambia wenye nyumba wote, mpangaji mstaarabu mpunguzieni hata elfu tano asihame. Na huu mtindo wa kudai kodi ya mwaka mzima kwa mtu wa chumba cha elfu 50 mimi siupendi, mtu anayeingiza hela kwa siku ataipata wapi 600,000 pamoja na mwezi wa dalali juu yake? Mchukulie miezi mitatu. Vyumba vyako vitajaa kwanza, na vitajaa watu wanaoweza kulipa.

*Wapangaji wangu watano wanagombana kila wiki kuhusu LUKU, mmoja ana friji, mwingine ana pasi. Nifanyeje?* – Mama mwenye nyumba, Tabata

Dada weka mita ndogo za ndani, moja kwa kila chumba, fundi umeme mwenye leseni anakufungia kwa siku moja na gharama yake utairudisha ndani ya mwaka kwa kutopoteza wapangaji. Andika kwenye mkataba kwamba kila mtu anachangia kwa usomaji wa mita yake, msome wote pamoja tarehe moja ya mwezi, ubandike karatasi ukutani. Kodi ya majengo nayo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa na baadae wakaipandisha, hiyo ni ya kwako wewe mwenye nyumba, usiwaachie wapangaji, irudishe kwao au itoe kwenye kodi yao. Na mwenye friji asikatazwe friji, huyo ndo anauza barafu na maji baridi kwa jirani, anapata hela ya kukulipa.